Jiko la Marehemu Ildefonce

Yosefina aliposhuka kutoka Uchindile kuja kuolewa Idete, hakuja na vitu vingi: sanduku la nguo, vyungu viwili, kuku jike mwekundu, na jiko la chuma. Jiko lilibebwa na kaka zake wawili kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, wakilitua kila walipokuta kivuli, na watoto wa kila kijiji walichopita waliwafuata wakiuliza kama ndani mna mnyama.

Polikarpo alilipokea kwa furaha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na hajawahi kuoa, mkulima wa mpunga mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na siku ile angepokea hata jabali mradi limekuja na Yosefina. Alisaidia kuliingiza sebuleni, akatoboa ukuta wa udongo, akapitisha bomba la moshi hadi nje, mbali na nyasi za paa. Ndipo akauliza huku akijipangusa jasho:

"Hili limetoka kiwandani?"

"Hapana," akajibu Yosefina. "Alilitengeneza marehemu. Alikuwa fundi kule kwenye mashamba ya chai, Mufindi. Alikata pipa la mafuta, akalichomea miguu na mlango."

Marehemu alikuwa Ildefonce, mume wake wa kwanza, aliyefariki kwa kichomi miaka mitatu nyuma. Polikarpo alizijua habari zake. Padri mwenyewe alizitaja walipokwenda kuandikisha ndoa. Lakini kusikia habari za mtu si sawa na kumwona ameingia nyumbani kwako kwa miguu minne ya chuma.

Masika yakaisha, mpunga ukavunwa, kipupwe kikaingia. Kule milimani Uchindile kipupwe ni ukungu mpaka jua lipande, na asiye na moto hulala amejikunja kama mbwa. Bondeni Idete ni mambo mengine, na mwaka ule hata upepo ulioshuka kutoka mlimani ulikuwa mpole. Watu walijifunika shuka moja wakaona inatosha. Hata hivyo, kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Yosefina alipiga magoti mbele ya jiko, akapanga kuni nyembamba mbele na nene nyuma, akapuliza. Moto ukishika, alifunga mlango wa jiko, kisha akauachia upenyo wa kidole kimoja.

"Mbona hivyo?" Polikarpo alimuuliza jioni ya kwanza.

"Ndivyo linavyotaka. Marehemu alikuwa akisema, likipewa hewa nyingi linakula kuni kama fisi."

Polikarpo akacheka. Jioni ya pili hakucheka.

Jiko likishapata moto lilinguruma chini chini, kama mzee anayezungumza peke yake. Yosefina alivuta kigoda, akanyoosha miguu, na ulimi wake, uliokuwa mzito mchana kutwa, ukafunguka. Alisimulia habari za baba yake aliyekuwa akitega fuko, na za nyani walioiba mahindi wakavaa maganda yake kama kofia. Polikarpo alisikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vya mkewe, vilivyoshika mkono wa mlango wa jiko, pale chuma kilipokuwa kimelainika kwa kushikwashikwa. Akawaza ni mkono wa nani ulioanza kukilainisha.

Kilichomuuma kuliko vyote ni kuni. Yeye ndiye aliyezitafuta. Alikwenda hadi msituni chini ya mlima, akakata, akapasua, akabeba begani jasho likimtiririka mgongoni, ili mwanamume mwingine angurume sebuleni kwake.

Jioni moja akaja Digna, dada mkubwa wa Polikarpo, aliyekaa nyumba ya jirani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Digna alikaa karibu na mlango, akajipepea kwa upande wa kanga. "Kuna mgonjwa hapa? Nimeona moshi nikadhani mna mzazi ndani."

"Ni baridi kidogo tu, wifi," akasema Yosefina.

Digna alikunywa maji, akaaga, na Polikarpo alipomsindikiza uani akamshika mkono.

"Baridi ipi, mdogo wangu? Mimi mzee wa magoti mabovu siisikii. Huyo haoti moto. Anaota mtu."

Neno lile likamkaa Polikarpo kooni kama mwiba wa samaki. Alilala nalo, akaamka nalo. Akienda shamba kung'oa mabua, aliliona linamtangulia. Akaanza kuleta kuni mbichi. Jiko likatoa moshi, Yosefina akakohoa na kufuta macho, lakini hakulalamika; alizipanga kuni kando ya jiko zikauke, na kesho yake zikawaka vizuri tu. Uvumilivu ule ukazidi kumchoma Polikarpo. Mwanamke angevumilia hivyo kwa ajili ya pipa?

"Baridi iko wapi, Yosefina?" akamuuliza siku moja kwa ghafla.

"Iko kwangu."

"Mimi siioni."

"Si ya kuonwa," akasema Yosefina, na kuendelea kushona.

Jumamosi iliyofuata Yosefina alikwenda Ifakara pamoja na wanawake wa parokia kumwona mgonjwa hospitalini, walale huko, warudi kesho yake. Vumbi la njiani halijatulia, Polikarpo alikuwa tayari ameshang'oa bomba. Alilibeba jiko na bomba lake mpaka barabarani, kwenye hoteli ya chai ya Donati.

"Chukua," akamwambia.

"Wauzaje?"

"Chukua tu."

Donati alilizunguka jiko, akamtazama. "Mama nyumbani anajua?"

"Nyumba ni yangu."

Aliporudi aliziba tundu la ukutani kwa udongo, akaulainisha kwa kiganja. Alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, sebule ilikuwa yake.

Yosefina aliingia jioni ya pili, akasimama katikati ya chumba na kikapu kichwani. Udongo ukutani ulikuwa bado mbichi.

"Liko wapi?"

"Nimempa Donati. Kwake lina kazi. Hapa kuna joto."

Polikarpo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno ya kujibu alikuwa nayo tele. Yosefina alitua kikapu chini taratibu.

"Haya," akasema.

Ikawa ni hilo tu. Kuanzia siku ile alipika, aliosha vyombo, akamtakia mumewe usiku mwema, akaingia chumbani kulala kabla hata kuku hawajatulia kwenye banda. Polikarpo alibaki sebuleni na koroboi. Akijaribu mazungumzo, yalikatika. "Habari za Ifakara?" "Nzuri." "Mgonjwa anaendeleaje?" "Hajambo." Ndipo alipotambua kwamba yote aliyoyajua kuhusu mke wake, ya baba na fuko, ya nyani na maganda, aliyapata mbele ya lile jiko, na kwamba sasa hapati lolote jipya.

Na wivu haukuondoka. Ulihama tu. Sasa aliwaonea wivu watu wa Donati. Akipita barabarani aliona moshi wa lile bomba, akasikia vicheko, akajua kuna watu wamekaa pale alipokuwa akikaa yeye. Siku ya nne au ya tano miguu ikampeleka ndani.

Donati alikuwa amelitoboa jiko juu kwa patasi ili kikaango cha chapati kikae. Majivu yalimwagika hadi kwenye miguu ya wateja. Mlango ulikuwa wazi kabisa, moto unalipuka ovyo, na kijana mmoja muuza samaki, kikombe mkononi, akaupiga mlango teke ili ufungike.

"Usilipige teke!" Polikarpo akafoka. "Mtu alilitengeneza hilo kwa mikono yake!"

Wote wakamgeukia wakamtazama. Yeye mwenyewe alishangaa. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mengine yakafuata: "Na hewa mmezidisha. Linakula kuni kama fisi."

Donati hakutaka kulirudisha. Alisema kilichotolewa kimetolewa, na chapati zinatoka vizuri. Mwishowe alikubali kupokea gunia la mpunga, na Polikarpo akakaa kwenye benchi akingoja chuma kipoe. Kisha akajitwika jiko mgongoni, bomba mkononi. Digna alikuwa akifagia uwanja alipomwona anakuja amejipinda hivyo.

"Polikarpo! Umerogwa?"

"Shikamoo, dada," akasema, akapita.

Yosefina alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaja, akapitisha kidole kuzunguka lile tundu lililokatwa vibaya. Ndipo akalia. Hakuwa amelia siku lilipoondoka.

"Alikata Donati," akasema Polikarpo, "lakini aliyelitoboa ni mimi." Akapangusa majivu mabegani. "Unampenda bado?"

"Amekufa, Polikarpo."

"Sikuuliza hivyo."

Yosefina alifuta uso kwa kanga. "Namkumbuka. Nikinywa chai namkumbuka, nikisikia mtu anakohoa namkumbuka. Ulitaka nikuambie uongo? Lakini moto sikuuwasha kwa ajili yake. Mwezi wa kwanza niliokuja hapa, ukishakula tu ulikuwa unaondoka kwenda kucheza bao. Mimi sina ndugu hapa, Kindamba chenu sijakijua vizuri. Nilikuwa nabaki na kuku. Kule kwetu moto ndio unaowakalisha watu pamoja. Nikawasha, nikaona unakaa. Kila jioni unakaa. Nikasema, basi."

Polikarpo aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kumwambia kwamba alikuwa akikaa kama mlinzi, akimchunga yeye na mtu aliyekufa.

Walitoboa ukuta upya jioni ileile. Juu ya tundu la jiko Yosefina aliweka sufuria ya maji. Moshi ulipenya kidogo pembeni, wakauvumilia. Jiko likaanza kunguruma.

"Kule kwenu," Polikarpo akauliza, akijitia hajali, "kuni alikuwa anakata nani?"

"Mimi. Yeye hakuwa na mkono wa shoka. Alikuwa anakata vijiti vyembamba kama miguu ya kuku."

Furaha iliyompanda Polikarpo ilikuwa kubwa kiasi cha kumtia aibu. Akainuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye rundo la kuni, ili mkewe asiuone uso wake.

"Novemba," Yosefina akasema nyuma yake, "nataka nipande Uchindile. Ndio mwezi wa kuwaombea marehemu wote. Nimwombee misa, nisafishe na kaburi." Akasogeza sufuria ya maji. "Ningependa twende wote."

Polikarpo alisikia kile kidonda cha zamani kinafunguka tena kifuani, palepale. Alichagua ukuni mmoja, akauangalia kama ni mkavu, akarudi nao kwenye jiko. Aliusukuma ndani nyuma ya wenzake, akafunga mlango, akauachia upenyo.

"Njia ya kule," akauliza, "inapanda sana?"

"Inapanda," akasema Yosefina. "Tutapumzika njiani."