Iwake Tu

Wiki tano nzima Ogle hakuigusa ile simu. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati la marehemu mkewe, Lul, imefungwa kwenye mtandio wake wa rangi ya manjano, na kila asubuhi mzee alipopita karibu na sanduku hilo kwenda kuchukua birika la kutawadhia, aliangalia pembeni.

Ndani ya simu kulikuwa na dardaaran ya Lul, yaani maneno ya mwisho ambayo mtu huwaachia watoto wake. Kwa desturi, maneno hayo husemwa kwa mdomo, watoto wakiwa wamekizunguka kitanda. Lakini siku zile ambazo ugonjwa ulimzidi Lul, binti yao Ruweyda alikuwa na siku nne tu tangu ajifungue huko Kotile, na mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake iishe. Na mwana wao Nuh alikuwa Liboi, mpakani. Huyo, hata angekuwa chumba cha pili, ni vigumu kujua kama angeitwa. Miaka minne ilikuwa imepita tangu Lul asikie kutoka kwa dereva wa lori la mbuzi kwamba mwanawe ameoa. Dereva wa lori! Tangu siku hiyo hakumtumia hata salamu.

Basi Lul aliomba simu yake. Akamwambia Ogle atoke na kuliteremsha pazia.

Alipomwita tena, alikuwa amechoka kama mtu aliyeteka maji kutwa. Akasema, "Nimeyasema yote humo. Wayasikie wote wawili, wameketi pamoja. Usimdokezee mmoja kabla ya mwingine, wakaja kubishana nani aliambiwa nini. Na wewe usiyasikilize peke yako."

"Nimekubali."

"Apa, Ogle. Wewe ulikuwa dalali wa ng'ombe, 'nimekubali' yako naijua."

Akaapa. Lul akacheka kidogo, akakohoa. Siku ya tatu alifariki, akazikwa kabla ya alasiri. Nuh alifika magharibi, kwa kuwa gari lao lilishikiliwa kwenye ukaguzi wa barabarani, akakuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Alikaa siku tatu bila kuuliza neno, akarudi Liboi.

Sasa arobaini ya Ruweyda ilikuwa imekwisha. Alikuwa njiani kutoka Kotile na mtoto wake mchanga, na Nuh alikwisha fika tangu saa nne, vumbi la njia ya Dadaab bado kwenye nyusi. Baba yake alimkuta ameketi mkekani, nyumbani kwao Bulla Iftin, akinywa chai ya maziwa ya ngamia.

Ogle alikuwa ameitia simu kwenye chaji tangu alfajiri. Akaibonyeza. Ikatetemeka, ikaonyesha jina la kiwanda, ikazimika. Ikaonyesha jina tena, ikazimika tena. Kama mgonjwa anayejiinua kwenye kiwiko na kuanguka. Mzee aliiangalia ikifanya hivyo mara nane.

"Lete, Aabo," Nuh akasema. "Una fundi wa simu ndani ya nyumba na unaikodolea macho kama mbuzi aliyeona treni."

"Wewe umeona treni wapi?"

"Sijaiona. Na mbuzi pia hajaiona, ndiyo maana anakodoa."

Ogle akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mwanawe tangu msiba. Akampa simu kwa mikono miwili, jambo ambalo Nuh aliliona na hakulielewa.

Nuh akaondoa kifuniko, akapuliza vumbi, akarudisha. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kuongeza sauti, akavishikilia vyote viwili huku midomo yake ikihesabu. Kioo kikawa cheusi, na juu yake yakatokea maandishi madogo ya Kiingereza, mstari chini ya mstari.

"Huu ni mlango wa nyuma," akaeleza. "Mlango wa mbele ukikataa, fundi huingilia huku. Kwanza nasafisha takataka ndogondogo. Mara nyingi hiyo inatosha."

Akateremka kwa kitufe cha sauti hadi mstari aliotaka, akauchagua. Simu ikajizima, ikajiwasha. Jina la kiwanda. Giza. Jina la kiwanda.

"Imekataa?" Ogle akauliza.

"Imekataa hiyo. Iko nyingine."

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Ogle akasimama, akatafuta kofia yake. Nuh akarudi kwenye yale maandishi, akashuka mistari miwili, kidole kikasimama.

"Aabo, humu ndani kuna kitu cha maana?"

Mzee alikuwa ameshika pazia la mlango. Jibu lilimjia hadi kwenye meno. Lakini Ruweyda hakuwa amefika, na yeye aliapa: usimdokezee mmoja kabla ya mwingine. Tena huyu ndiye aliyekasirikiwa. Angeambiwa kuna dardaaran, si angekaa na wasiwasi saa zote hizo, akijiuliza kama ni radhi au laana? Simu ikishawaka, Ogle alijiambia, itasema yenyewe.

"Ni simu ya mama yako," akajibu. "Iwake tu. Dada yako asiikute imekufa."

"Sawa, Aabo. Utaikuta mzima."

Msikitini aliswali vizuri, na baada ya salamu alikaa kitako zaidi ya kawaida. Alikuwa akipanga nani akae wapi. Ruweyda karibu na mlango kwa sababu ya mtoto. Nuh karibu na ukuta. Simu katikati, juu ya mto.

Aliporudi, Nuh alimpokea mlangoni akiwa ameinua simu kama mtu aliyepata barua ya kazi. Kioo kilikuwa kinang'aa. Palikuwa na picha ya ziwa na milima yenye theluji.

"Mzima! Nimeiweka hata saa na tarehe. Laini yake inasoma, majina ya watu yako. Niliogopa ni bodi yenyewe ya ndani imeungua, kumbe si bodi."

Ogle akaitazama theluji ile.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto nani?"

"Mtoto wa kwanza wa Ruweyda. Alikuwa hapa, kwenye kioo. Na kikombe mkononi."

"Ah, hiyo imekwenda, Aabo. Njia hii hufuta kila kitu, simu inaanza upya kama imetoka dukani leo. Ndiyo maana nilikuuliza."

"Uliniuliza," Ogle akasema.

"Picha Ruweyda atakutumia nyingine."

"Na sauti?"

"Sauti gani?"

Mzee akaketi pale pale kizingitini, kofia bado kichwani, na Nuh akadhani ni jua.

Ruweyda alifika kabla ya alasiri. Akalia alipoona sanduku la mama yake, akanyonyesha, akatulia. Wakakaa kama Ogle alivyopanga, Ruweyda mlangoni na kaka yake ukutani. Simu ilikuwa juu ya mto. Hakuna aliyejua kwa nini iwekwe hapo isipokuwa mzee. Chai ikapoa.

Nuh ndiye aliyeanza kumtaja mama yake. Hakumtazama mtu.

"Aabo. Hooyo hakuacha neno lolote? Hata kama ni la kunilaani, niambie. Nimekaa kule Liboi nikitengeneza simu za watu, na kila inayolia nadhani ni yeye."

Ogle alijua angeweza kusema. Neno moja tu: amekusamehe. Nani angepinga? Lakini maneno ya marehemu ni amana, na hakuyasikia. Kumwekea Lul maneno mdomoni, Lul aliyemjua hata alivyokuwa akisema "nimekubali"!

"Aliacha," akasema. "Kwa wote wawili. Aliyasema ndani ya simu hii, akaniapisha nisiseme mpaka mkae pamoja. Leo yamepotea. Mimi ndiye niliyeyapoteza. Niliulizwa, nikanyamaza."

Ruweyda hakuelewa mara moja. Nuh alielewa. Aliitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kama si yake, kisha akaificha chini ya mapaja.

"Sikuwa ndani," Ogle akaendelea. "Nilikuwa nyuma ya pazia. Mengi yalikuwa ya chini chini. Nilisikia jina la Ruweyda, na dua. Na jina lako, Nuh. Alikuita mara tatu. La zaidi sijui, na sitawadanganya."

"Aliniita vipi? Kwa hasira?"

"Si kwa hasira. Kama..." Mzee akatafuta. "Alivyokuita giza likiingia na wewe bado uko na wenzako huko kwenye mchanga."

"Niite, basi. Niite hivyo."

Ogle akalisafisha koo. Akaita mara ya kwanza, ikatoka sauti ya mnadani. Akaita ya pili, akaivuta mwishoni kama Lul alivyokuwa akivuta, ikakatika. Ya tatu haikutoka kabisa.

Nuh alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Akanyoosha mkono bila kutazama, akaichukua simu ya mama yake, akaibonyeza ianze kunasa sauti, akairudisha juu ya mto.

"Tena, Aabo," akasema. "Pole pole."