Alama za Orrin kwenye Mdeki

Ardith aliushusha mdeki, ufito wa mbao wa kusukumia risasi, ndani ya mtutu wa gobore, akashindilia risasi mpaka ikagoma, kisha akatazama alama.

Marehemu mumewe, Orrin, alikuwa amekata mistari miwili kwa kisu kwenye ufito ule: mmoja wa gobore tupu, mwingine wa gobore lililokwisha kushindiliwa. Huo wa pili ulitakiwa ulingane na mdomo wa mtutu. Leo ulikuwa juu, umetokeza upana wa kidole.

"Nini tena, shemeji?" Lyle, mdogo wake Orrin, alikuwa amechuchumaa chini ya turubai na kikombe cha kahawa. Manyunyu yalikuwa yakishuka tangu alfajiri, na misonobari yote ilikuwa inadondosha maji.

"Alama imekaa juu."

"Shindilia basi."

"Nimeshindilia mpaka mkono unauma."

Wote wawili walijua kwamba risasi ikikwama njiani, pakabaki nafasi kati yake na baruti, mtutu unaweza kumpasukia mpigaji usoni. Orrin aliwaambia jambo hilo kila msimu, hata walipokuwa wamechoka kulisikia.

Gobore lile Orrin alilinunua yeye na Ardith walipokuwa wakiishi Wyoming. Fataki yake, kile kibati cha kuwashia baruti, ilikuwa kubwa, kama ya bunduki ya marisau, nayo ilikaa chini ya kifuniko, haipati hata tone la mvua. Walipohamia Idaho likatundikwa ukutani, kwa sababu msimu wa magobore wa huku una masharti yake: fataki iwe ya namna ya zamani, na pale inapokaa pawe wazi kwa mvua. Orrin alisema atalirekebisha akipata nafasi. Saratani haikumpa nafasi hiyo.

Kwa hiyo Ardith alilirekebisha mwenyewe, kwenye jiliwa ya mumewe ya kubania vyuma. Alibadilisha kizibo cha nyuma ya mtutu, akafunga kipya chenye chuchu ya kuvikwa fataki ndogo, kisha akakata kifuniko kwa msumeno na tupa. Lyle alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Utaliharibu," alisema. "Liache likae, liwe kumbukumbu." Siku ya kulijaribu lililia vizuri, ila siku hiyo alishindilia kwa ufito wa chuma wa karakanani. Mdeki wa Orrin haukuguswa mpaka asubuhi hii. Sasa maneno ya Lyle yalimrudia. Huenda kweli ameliharibu.

Buti zikasikika kwenye matope. Alikuwa Beckstead, askari wa wanyamapori, kijana mrefu mwenye koti linalochuruzika maji.

"Habari za kambini? Naomba kuliona hilo, mama."

"Limeshindiliwa, lakini halina fataki."

Aliinama ubavuni mwa gobore, akachungulia pale palipokatwa. Ardith alitazama uso wake tu. Akiona pale pa fataki bado pamefunikwa, kijana huyu angeondoka nalo. Tone la mvua likaanguka kutoka kwenye kofia ya askari, likatua juu ya chuchu.

"Nani kakata hapa?"

"Mimi."

"Umekata kama mtu aliyekasirika." Akalirudisha. "Lakini pako wazi. Mawindo mema."

Askari alipotoweka nyuma ya misonobari, Lyle alimwaga masalia ya kahawa. "Haya. Serikali imeridhika. Twende."

Hapo dume la elki, yule kulungu mkubwa wa huku, likalia ng'ambo ya korongo, sauti nyembamba, ndefu, ikapanda kama filimbi.

"Unamsikia huyo? Hatakusubiri, shemeji."

Ardith alitoa fataki mfukoni. Aliitazama, akatazama ule mstari, akairudisha mfukoni.

"Nalifungua."

"Saa hizi? Na mvua hii?"

"Shika turubai."

Alizungusha kizibo mpaka kikatoka. Baruti ikamwagika juu ya kitambaa, nyeusi na kavu. Akaisukuma risasi itokee nyuma, kisha akainua mtutu na kuchungulia: mbingu ya kijivu, safi, duara. Akakirudisha kizibo, akauacha mdeki uteleze ndani ya gobore tupu.

Mstari wa gobore tupu nao ulisimama juu, upana uleule wa kidole.

Alikaa juu ya gogo. "Ni kizibo. Kipya ni kirefu, kinaingia ndani zaidi ya kile cha zamani."

"Kwa hiyo risasi ilikuwa imefika?"

"Ilifika tangu mwanzo."

"Na elki ameshaondoka."

"Ameshaondoka."

Alianza upya. Alivika fataki moja bila baruti, akaelekeza mtutu kwenye jani la nyasi kama Orrin alivyofanya kila mara, akafyatua. Jani likainama, njia ya moto ilikuwa wazi. Kisha baruti, kisha risasi, kisha mdeki. Akachukua kisu cha Orrin, akakata mstari mpya pale mdomo wa mtutu ulipofika.

"Ukwangue basi ule wa zamani," alisema Lyle, "usije ukachanganya."

"Sichanganyi."

Lyle alibaki ameinua turubai juu ya kichwa cha shemeji yake, mpaka mikono ikamchoka.

Ardith alipangusa unga wa mbao kwa kidole gumba. Toka leo, kila atakaposhindilia, mstari wa Orrin utabaki nje ya mtutu, mbele ya macho yake.

"Twende," alisema. "Labda hajafika mbali."