Fimbo Kichwa Chini

Katika darubini ya mzee mmoja mpima ardhi kila mtu alisimama kichwa chini, miguu ikining'inia angani kama popo. Ilikuwa darubini ya zamani, ya lenzi zinazopindua picha, na mzee huyo hakutaka nyingine.

"Humu hamna mkubwa," alimwambia bintiye siku alipoanza kumfundisha kazi. "Nimeona matajiri wakitembelea nywele. Nimeona maji yakipanda mlima, tena mbio, kama yameitwa."

"Baba, na wewe!"

"Kama naongopa, kiputo hiki na kipasuke."

Kiputo cha hewa katika pimamaji ya darubini kilitulia katikati, kama mtu asiyetaka kuingizwa ugomvini.

Leo walipima mteremko wa mtaro wa kupeleka maji zahanati. Wachimbaji wangeanza kesho. Binti alisimamisha fimbo ya vipimo kituo baada ya kituo, baba akachungulia na kutamka tarakimu. Mwishowe wangerudi kwenye kigingi cha kwanza, hesabu ya kwenda ikutane na ya kurudi. Hazikutani sawasawa, alikuwa amemfunza. "Mkono wa binadamu lazima uteleze kidogo. Hesabu isiyoteleza kabisa, jua kuna mtu kadanganya."

Kwenye kituo cha mwisho binti aliinua macho, akaiona sifuri, ambayo hupaswa kukaa ardhini, iko juu ya utosi wake. Fimbo ilikuwa kichwa chini! Kosa la mwanagenzi. Akajikunyata kungoja dhihaka, maana kwa kosa kama hilo mzee angemtania mpaka siku ya harusi yake.

"Moja, nne, mbili, nane!" baba alipaza sauti. "Safi! Sogea!"

Kisha akaipangusa lenzi, kama alivyokuwa akiipangusa tangu asubuhi.

Walipofika kwenye kigingi, hesabu ya kwenda na ya kurudi zilikutana bila kuteleza hata unywele.

"Umeona?" Baba alicheka, ila kicheko kiliishia mdomoni.

Binti aliwaza kina mama wanaojifungulia zahanati na ndoo zao, na maji yatakayosimama katikati ya njia. Akawaza pia kwamba tangu mama afariki, kazi hii ndiyo pekee iliyomfanya mzee anyoe ndevu.

"Baba."

"Naam, mama."

"Kituo kile cha mwisho, fimbo niliishika kichwa chini."

Mkono wa mzee ulipapasa meza ya darubini ukitafuta kifuniko cha lenzi, ukakipita, ukarudi, ukakipita tena.

"Nilidhani ni ukungu wa kioo," alisema hatimaye. "Nikapangusa weee. Kumbe kioo cha watu hakina kosa."

"Twende hospitali."

"Tutakwenda. Kwanza maji ya watu, jua lingalipo." Aliushika mkono wa binti, akauweka juu ya darubini, akaichukua fimbo. "Niongoze kwa sauti, nisije nikatumbukia mtoni."

"Mto gani, baba? Hapa pakavu."

"Si ndiyo maana nasema uniongoze!"

Akaenda, akiipapasa njia kwa fimbo ileile. Kulia kidogo, baba. Hapo hapo. Akaisimamisha wima kuliko binti alivyowahi kuisimamisha.

Binti akachungulia, akazungusha skrubu mpaka picha ikawa wazi. Baba yake alining'inia angani kichwa chini, kanyoa vizuri, anatazama pasipo kitu. Tone likamtoka jichoni, likapanda shavuni polepole, likapanda, likapotelea kidevuni.

Binti akatamka tarakimu kwa sauti ndogo.

"Sijasikia!" baba aliita. "Rudia!"