Boma la Juu ya Ukungu

Nalotuesha aliigonga mashua kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, akasogea kidogo, akagonga tena. Ilikuwa asubuhi, ndani ya ghala la kahawa la shamba lililokuwa la mzungu, kule juu ya Karatu, na miguu ilimuuma kwa mwendo wa jana. Nyuma yake alisimama mke mwenzake, Sintamei, ameshika kamba ya mbuzi. Kwa Wamaasai nyumba huijenga mwanamke, na ikivuja hulaumiwa mwanamke. Kazi ya mwanamume ni kulala humo na kulalamikia moshi. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba waliokuja kuchagua walikuwa wajane wawili.

Mashua zilikuwa mbili. Mzungu alizijenga kwa miaka mingi akisaidiwa na fundi Nikolaus, Mwiraqw wa Mbulu, kwa nia ya kuhamia baharini na kuishi huko mpaka afe. Serikali ilipotaifisha shamba aliondoka kwa ndege, na ndege haipakii mashua. Nikolaus alibaki akizifuta vumbi, maana hakuna aliyemwambia aache.

Ya kwanza ilikuwa ya mwili mmoja, ndefu na nyembamba. Sintamei alimpandisha mbuzi, mashua ikalala ubavu, mbuzi akashuka mwenyewe.

"Hii haifai," alisema Nalotuesha. "Ng'ombe akijikuna tu, tumekwisha."

Ya pili ilikuwa na miili miwili, iliyounganishwa kwa mbao na wavu mpana katikati. Mzungu aliiita katamarani. Nalotuesha aliitazama kwa muda mrefu. Boma la marehemu mume wao lilikuwa hivyohivyo: mke mkubwa upande wa kulia wa lango, mke mdogo kushoto, mifugo katikati. Alitema mate kidogo juu ya ubao, kuubariki, na Nikolaus akapewa mtamba.

Haja ya mashua ilitokana na tangazo. Mwaka ule gari lenye kipaza sauti liliteremka kwenye kreta ya Ngorongoro likatangaza kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa tena kuishi kwenye ardhi ya kule chini. Watu walibebewa vitu vyao, wakawekwa kando ya barabara ya ukingoni, vibuyu na wazee pamoja. Wana wa Nalotuesha walikwenda Oloipiri na ng'ombe, wakamwita awafuate. Hakuweza. Kule chini, kando ya ukuta wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, alikuwa amezika watoto wawili waliokufa kabla ya kupewa majina, na mtoto asiye na jina hana wa kumkumbuka ila mama yake. Alitaka kukaa karibu nao, basi. Alimuuliza askari wa hifadhi aliyekuwa zamu, kijana wa Enguserosambu aitwaye Koinet:

"Mwanangu, na juu ya ukungu je?"

Koinet alikwenda kuwauliza wakubwa wake, akarudi na jibu kwamba amri inahusu ardhi, na ukungu si ardhi.

Ukungu wa Ngorongoro anaujua kila aliyewahi kukaa pale. Hujaza kreta mpaka ukingoni, mzito kama maziwa yaliyoganda, na mbuzi mkaidi anaweza kutembea juu yake kipande kizima kabla mchungaji hajampigia mluzi. Mchana hupungua ukawa mwepesi, chini kukaonekana, lakini hauangushi kilichokwisha kuupanda.

Trekta la kijiji cha Qurus liliivuta mashua mpaka ukingoni, nao wanawake wakaanza kazi. Juu ya kila mwili walipinda fito, wakakandika samadi na majivu. Nikolaus alionya kwamba samadi ni mzigo. Akaambiwa nyumba isiyokandikwa ni kiota cha ndege. Wavu wa katikati mzungu alikuwa ameuweka ili ajilaze akiota jua. Miguu ya ndama ilipenya, ikabidi watandike vichanja vya kuanikia kahawa. Mlingoti ulifaa kuanikia ngozi. Mafiga yalipangwa kwenye karai la mchanga, moja kwa kila mke, kwa sababu wake wenza wanaweza kugawana mume lakini si jiko.

Tatizo lilikuwa lango. Mifugo iliweza kuingia kwa nyuma tu, na nyuma kulikuwa na usukani.

"Mama, tukiutoa usukani hamtaweza kuigeuza," alisema Nikolaus.

"Boma haligeuzwi, fundi. Umeona wapi boma likaenda mahali?"

Nikolaus alifikiri, akakiri kwamba hajaona. Aliung'oa usukani, akaziba mwanya kwa matawi ya miiba kama alivyoelekezwa. Alikuwa ameshachoka kubishana na wenye mashua.

Walisukuma alfajiri. Mashua ilididimia kidogo kwenye ukungu, ikayumba, ikatulia. Ndama alilia. Sintamei akawasha moto, na usiku ulipozidi baridi aliupasua usukani akauongeza kwenye kuni.

Kumbe ukungu hausimami. Huzunguka kreta polepole kama uji unaokorogwa, na boma likazunguka nao. Asubuhi walipita karibu na ukingo, jamaa wakawarushia nyasi na kuwapa maji kwa kamba. Mchana walipita juu ya mahali pa zamani. Nalotuesha aliinama akaona duara la udongo mweusi, akawasalimu watoto, na kabla hajawaambia habari za kaka zao pale mahali palikuwa pamekwisha kupita. Hapo alielewa usukani ulikuwa wa nini. Alijilaumu, na lawama ya mtu peke yake haina wa kuigawana naye.

Ilibaki nanga, ambayo Nikolaus aliitengeneza kwa majembe ya plau. Siku moja mchana Nalotuesha aliishusha, ikanasa kando ya duara, boma likasimama. Alizungumza na wanawe mpaka jua likazama, na usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyefika. Asubuhi Koinet aliita kutoka chini, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Yeyo, hiyo nanga imegusa ardhi."

"Ni chuma tu, mwanangu."

"Najua, yeyo. Lakini imegusa."

Aliivuta. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoshuka.

Wakazoea. Ng'ombe alizaa humohumo, na ndama wake alikua bila kukanyaga udongo. Askari walizoea kulinganisha saa zao na kupita kwa boma. Watu wa ukingoni walisema tu kwamba wale wajane wana bahati ya kurushiwa majani mabichi.

Kiangazi kimoja, mchana, Nalotuesha aliinama kama kawaida akaona mahema. Yalikuwa meupe, yamepangwa vizuri juu ya duara, maana pale ardhi ilikuwa imesawazishwa tangu zamani. Palikuwa na meza yenye kitambaa. Mtu mmoja alikuwa akinawa uso kwenye beseni, na mwingine akipigilia vigingi kando ya ulipokuwa ukuta wa nyumba yake. Koinet alikuwa amesimama hapo na bunduki yake.

"Koinet, wale ni akina nani?"

"Wageni, yeyo."

"Wako kwenye ardhi."

"Wako."

"Amri imebadilika?"

"Haijabadilika. Ila wale hawaishi hapa. Wanatembea tu."

"Mwambie yule asipigilie hapo. Wanangu wako hapo."

Koinet alimtazama mwenye nyundo, kisha akatazama juu. "Wameambiwa hapa hapajawahi kuishi mtu," alisema. "Nikiwaambia habari ya watoto, nitakuwa nimewaambia nini?"

Nalotuesha alikuwa na jibu, lakini boma lilikuwa limeshawavusha. Alibaki ameshika miiba ya lango, akalia bila sauti, kilio cha mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Sintamei alikuja akasimama upande wake wa kushoto.

"Kesho tutapita tena," alisema.

"Tutapita."

Wakapita kesho yake, na kesho kutwa, na vigingi vilikuwa palepale.