Marashi ya Marehemu

Seremala alikuwa na wivu, tena si kwa jirani wala kwa mwuza duka. Alimwonea wivu marehemu. Mtu mzima na mvi zake, anashindana na aliyekwisha kuzikwa! Wivu kidonda, na yeye alishaanza kukonda.

Mkewe alimwoa akiwa mjane, naye mke akaja na kichupa cha marashi ya mume wa kwanza. Marashi ya kiume ya kizamani: ukifungua, karafuu inatangulia, mdalasini unafuata, kisha tumbaku na ngozi, joto tupu. Seremala yeye alinuka gundi. Kila mke alipopanga kabati, alifungua kifuniko, akafumba macho, akavuta pumzi. Hilo ndilo lililomkata maini seremala. Alitaka naye avutiwe pumzi vile, hata mara moja tu.

Akaamua kutengeneza kitanda kipya, kile cha marehemu kitoke. Na asubuhi moja akakiiba kichupa, akakimwaga chote kwenye lundo la vumbi la mbao karakanani.

"Haya bwana, safari njema."

Mke alitafuta hadi mvunguni. "Mume wangu, hujakiona kichupa changu?"

"Mimi? Mimi na marashi wapi na wapi!"

Viungo vya kitanda vikaacha nyufa kidogo. Dawa yake kila fundi anaijua: unachota vumbi la mbao, unakoroga na gundi, unaziba. Akachota palepale alipozoea kuchota. Pua ilikuwa imezibwa na mafua, hakusikia kitu.

Kitanda kikaingia chumbani mchana, jua limejaa dirishani. Mke akajilaza kukijaribu. Mbao zikapata joto. Karafuu ikatangulia, mdalasini ukafuata. Hata ile pua mbovu iliisikia.

Mke akainuka, akanusa kiungo cha kichwani, akanusa cha miguuni. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ulikichukua wewe."

Seremala akatazama mlango ulipo.

"Mwanamume mwingine angeyamwaga," mke akasema. "Wewe umenitilia kitandani!" Akamkumbatia kama ambavyo hakuwahi kumkumbatia tangu waoane. "Sikujua una moyo mkubwa hivi."

Seremala akakumbatiwa, mikono yake ikining'inia.

Mke akarudi kulala, akageukia ubao, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Njoo, mume wangu. Nafasi ipo."

Akajilaza ukingoni. Alikuwa amekipima mwenyewe, kitanda cha watu wawili, na hakikumtosha.