Saa Arobaini za Maabara

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, karani wa shule alibandika masharti ya kuhitimu kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne, moja kila pembe, kisha akarudi ofisini kumalizia chai yake. Masharti yalikuwa manne. Mwanafunzi awe amefaulu masomo matano. Awe amehudhuria siku zote isipokuwa za ugonjwa. Awe amerudisha vitabu vya maktaba. Awe amefanya mazoezi ya saa arobaini ndani ya maabara, na saa hizo ziwe zimetiwa sahihi na mtunza maabara katika daftari lake.

Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa sitini na watatu. Wengi wao walikuwa wametimiza masharti matatu ya kwanza. La nne hakuna aliyelitimiza, wala mwaka jana, wala mwaka juzi. Wote waliotangulia waliondoka na kikaratasi chenye mhuri kilichosema: Amemaliza, hajahitimu. Kwa kikaratasi hicho mtu anaruhusiwa kudeki sakafu ya hospitali, lakini haruhusiwi kushika sindano.

Maabara ilikuwa nyuma ya uwanja wa mpira. Ilikuwa ukuta mmoja wa matofali, hatua kumi na nane kwa urefu, na katikati yake mlango wa mbao ngumu uliopakwa rangi ya kijani. Juu ya mlango palikuwa na kibao: MAABARA. Kuta nyingine tatu hazikuwapo, paa halikuwapo. Mbele ya mlango kulikuwa na nyasi, na nyuma yake nyasi zilezile. Siku ya ufunguzi, miaka sita nyuma, wageni walikata utepe, wakapiga picha upande wenye kibao, wakanywa soda, wakaenda zao.

Mwalimu wa kemia alifanyia mazoezi ubaoni. Alichora kichomeo kwa chaki nyeupe na moto kwa chaki ya njano. Juu ya moto alichora bika, kile chombo cha kioo chenye mistari ya kupimia, akasubiri kidogo kwa heshima ya somo, kisha akasema, "Sasa yamechemka." Wanafunzi waliandika: yamechemka.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana waliyemwita Kipimo, kwa kuwa tangu utotoni alitembea na futi ya baba yake na kupima kila alichokutana nacho, hata paka. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi. Barua yao ilisema alete cheti cha kuhitimu kabla ya mwezi kuisha, na ikaongeza kwamba kikaratasi cha kumaliza hakitapokelewa. Alisoma tangazo la karani mara mbili, akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, maabara iko wapi?"

"Nyuma ya uwanja."

"Pale pana ukuta tu."

"Kwenye kumbukumbu pana maabara," alisema mwalimu mkuu. Alifungua faili akamwonyesha. Meza kumi na mbili. Stuli ishirini na nne. Bika mia tatu. Mabati themanini na mawili. Mtunza maabara mmoja, mwenye namba ya ajira, analipwa kila mwezi. "Nikisema haipo, nitaulizwa imekwenda wapi. Mimi nimeikuta hivyo hivyo, binti yangu."

"Na sisi?"

"Nyinyi ongezeni bidii."

Kipimo alitoka masikio yakiwaka. Ukuta alikuwa ameuzoea. Kilichomchoma ni lile neno bidii, limetoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa akifunga faili.

Nyumbani alimkuta baba yake, fundi mwashi, amekaa kwenye ngazi ya mlango akijisugua saruji miguuni. Alimuuliza ule ukuta wa shuleni ulijengwa na nani. Fundi aliendelea kusugua mguu ambao ulikuwa umeshatakata.

"Niliujenga mimi, mama," alisema.

Alikuwa amefanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili lori lilikuja, badala ya kushusha mchanga likapakia uliokuwapo. Akaja mtu mwenye viatu visivyo na vumbi, na karatasi mkononi. Karatasi ilisema jengo limekamilika, kuta, paa, mabomba, kila kitu.

"Uliisoma, baba?"

"Niliisoma. Waliniambia nisipotia sahihi sitashika mwiko tena mji huu. Nikatia."

Kipimo angempenda kwa urahisi zaidi siku hiyo kama angekuwa hajui kusoma. Fundi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ufunguo aliokuwa ameutundika kwenye msumari mmoja na timazi lake la kunyooshea kuta. Kwa mafundi, kazi haijaisha mpaka ufunguo uwekwe mkononi mwa mwenye jengo, mbele ya shahidi. Kwa huu hakuna aliyekuja kuupokea. Mlango usio na nyumba haumsumbui mtu. Watu walikuwa wanauzunguka tu.

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kufungua?"

"Wafungue waende wapi?"

Jumanne baada ya masomo Kipimo alikwenda nyuma ya uwanja. Vijana wa kidato cha pili walikuwa wanapiga mpira ukutani. Alitia ufunguo, akauzungusha mara mbili, akaingia, akafunga. Upande wa pili hakutokea. Mlinda mlango wa timu aliangalia kule nyuma, akaona nyasi. "Kipimo kaingia maabara," aliwaambia wenzake, na mpira ukaendelea.

Ndani palikuwa na meza kumi na mbili na stuli ishirini na nne. Bika mia tatu zilikuwa kabatini, bado zina vumbi la boksi. Mwanamume mwenye koti jeupe lenye mikunjo ya dukani alikuwa amesimama nyuma ya meza ya mbele, kalamu mkononi na daftari limefunguliwa ukurasa wa kwanza, na ukurasa ulikuwa mtupu.

"Futa viatu," alisema. "Nimekungoja miaka sita."

Alikuwa mtunza maabara. Alikuwa na namba ya ajira, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kustaafu, lakini mama hakuwa naye, kwa sababu hakuzaliwa, aliandikwa. Hakulalamika. Alijua matumizi ya kila chupa na alichukia uzembe. Alimfundisha Kipimo kupima asidi huku macho yakiwa usawa wa mstari, kuwasha kichomeo, kusafisha mrija wa kioo bila kuuvunja. Kila jioni alitia sahihi: saa nne.

"Mshahara wangu nani anauchukua?" aliuliza siku ya tatu, akiwa anapanga chupa.

"Sijui, mwalimu."

"Nikimjua nitamwomba aninunulie viatu. Hawakuniandikia viatu."

Kipimo alitazama chini, akaona kweli yuko pekupeku. Kwenye kona ya kusini palikuwa na beseni, na maji yalikuwa yanadondoka ndani yake tone baada ya tone. Nje kulikuwa na jua.

"Paa linavuja," alisema mtunza maabara. "Fundi wa jengo hili unamfahamu?"

Kipimo aliosha bika iliyokuwa imeshaoshwa. "Hapana," alisema. Bika ikamponyoka ikavunjika. Mtunza maabara alifungua daftari la hasara akaandika: bika moja, bahati mbaya.

Wiki ya pili Kipimo aliingia na wenzake ishirini na watatu, maana stuli zilikuwa ishirini na nne. Mwalimu wa kemia aliingia pia. Mtunza maabara alimwashia kichomeo, akafungua tundu la hewa, na mwalimu akautazama moto kwa muda mrefu. "Kumbe ni wa buluu," alisema. Kwa miaka sita alikuwa ameuchora wa njano. Alikaa kwenye ukingo wa meza kwa kuwa stuli zilikuwa zimejaa, akavua miwani, na kipindi kile hakufundisha chochote.

Siku ya kumi Kipimo alitimiza saa arobaini. Vidole vyake vilikuwa vimeingia rangi ya zambarau ya dawa, rangi isiyotoka kwa sabuni, na nywele zake zilinuka kiberiti. Wenzake walikuwa na saa kumi na mbili kila mmoja. Karani alilipokea daftari, akaligonga mhuri wa Imepokelewa, akalituma idara ya elimu. Lilikuwa daftari la kwanza kutoka maabara hiyo. Likawatia watu joto kule juu, maana mkaguzi alifika siku ya pili yake, wakati barua za shule ile huwa zinapigwa kalenda miezi minne.

Mkaguzi aliomba fundi aitwe, na mwenye ufunguo ajulikane. Kisha akaenda maabara. Alifika mlangoni, akauzunguka, akasimama kwenye nyasi za nyuma. Akahesabu kwa ncha ya kalamu hewani: moja, mbili, mpaka kumi na mbili. "Meza zipo zote," alisema, akaandika. Akahesabu stuli. Zilikuwapo zote. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yake akitazama viatu.

"Leja yetu," alisema mkaguzi, "inaonyesha hakuna hata gramu moja ya dawa iliyotumika tangu ufunguzi. Kama hakuna kilichotumika, hakuna aliyefanya mazoezi. Kwa hiyo saa hizi arobaini hazipo. Na hizi kumi na mbili kumi na mbili, vilevile."

Kipimo alinyoosha mikono yake. Mkaguzi aliiangalia pande zote mbili, kwa uangalifu kabisa.

"Mikono si kumbukumbu," alisema. "Halafu kuna bika moja umevunja. Hiyo imeandikwa. Utaleta nyingine."

"Nimevunjaje bika mahali ambapo sikuingia?"

"Hilo utajaza kwenye fomu."

"Fungua mlango basi. Mtunza yumo humo ndani."

"Mtunza hana malalamiko. Mshahara wake unapokelewa kila mwezi."

Mwalimu wa kemia alisema moto wa humo ndani ni wa buluu. Mkaguzi hakuliandika hilo. Alichukua ufunguo kwa Kipimo, akamgeukia fundi, akamletea karatasi ya makabidhiano: jengo lililokamilika, limekabidhiwa leo, shahidi karani. Fundi aliisoma yote, taratibu, midomo ikitembea. Aliisoma tena. Kisha akairudisha pamoja na kalamu.

"Safari hii sitii," alisema.

Mkaguzi hakukasirika. Aliandika chini ya karatasi: fundi hajui kusoma wala kuandika. Akamwomba karani atie sahihi kwa niaba yake, na karani, ambaye chai yake ilikuwa inapoa, akatia. Mlango ukapigwa lakiri nyekundu juu ya tundu la ufunguo. Kipimo alipewa kikaratasi siku hiyohiyo: Amemaliza, hajahitimu. Anadaiwa bika moja.

Jumatatu karani alibandika masharti mapya. Yalikuwa yaleyale manne, na la tano: Mwanafunzi asiwe na deni la maabara. Pini zilikuwa nne bado.

Jioni hiyo fundi alichukua nyundo yake kubwa, ile ya kubomolea, akaenda nyuma ya uwanja. Kipimo alimfuata. Njia nzima mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama fundi. Miaka sita alikuwa amepita barabara ya mbali ili asiuone ukuta ule. Alisimama mbele yake, akatemea viganja, akainua nyundo.

"Baba," alisema Kipimo. "Kuna mtu ndani."

Fundi alibaki na nyundo hewani. Ndani bomba lilikuwa linatiririka, na vyombo vya kioo vilikuwa vinagongana taratibu kama vya mtu anayeosha baada ya kazi. Alishusha nyundo. Akabisha hodi.

"Nani?" iliuliza sauti.

"Fundi."

Bomba lilifungwa. "Ndiwe wewe," alisema mtunza maabara. "Paa linavuja."

"Paa sikulijenga."

"Sahihi ni yako."

Fundi alikaa kwenye nyasi, mgongo kwenye ukuta wake. Alifunika uso kwa viganja vyenye saruji, na binti yake akasimama pembeni, amemkasirikia, amekasirika kwa ajili yake, hajui aanze na lipi. Kiza kilikuwa hakijaingia. Vijana wa kidato cha pili walichukua mpira wao, wakawasalimia, wakaondoka.

"Linavuja wapi?" fundi aliuliza hatimaye.

"Kusini. Mabati waliandika themanini na mawili. Misumari hawakuandika."

Asubuhi fundi alirudi na ngazi. Aliiegemeza juu ya ukuta, akapanda mpaka kipago cha mwisho, kisha akaendelea, akatambaa hewani kwa magoti upande wa kusini, akaanza kupigilia. Mlio wa bati ulisikika mpaka ofisini. Mwalimu mkuu alifungua dirisha, akatazama, akalifunga, akaandika katika taarifa ya mwezi kwamba maabara iko katika hali nzuri na inafanyiwa matengenezo.

Kipimo alisimama chini kwenye nyasi akimrushia baba yake misumari, mmoja mmoja, kwa vidole vya zambarau. Ilikuwa siku ya kwanza ya masomo katika chuo cha uuguzi.