Suti za Watu

Bernadina aliapa asubuhi ile kwamba hatamgombeza mumewe mbele za watu. Kiapo kilidumu hadi dawati la ofisi ya kodi, Mbulu mjini.

"Kodi yako inapangwa kwa mauzo ya mwaka," karani Jenifa alieleza kwa mara nyingine. "Mauzo yakipanda, unapanda daraja. Sasa, suti moja ni kiasi gani?"

Tluway, mume wa Bernadina na fundi cherehani, alinyoosha kola. "Suti yangu? Laki na nusu. Na nashona nyingi."

Bernadina alipiga hesabu. Kitambaa, vifungo, hata uzi, wateja huja navyo wenyewe. Tluway hulipwa ufundi tu, elfu arobaini. Kwa daraja alilokuwa anajipandisha, wangeuza cherehani ili walipe. Lakini nyuma yao kwenye foleni alisimama Mzee Akonaay, muuza vitunguu saumu, baba yake Bernadina. Na mbele ya baba mkwe, Tluway hajawahi kuwa na kitu kidogo.

"Baba Judica, taja bei ya ufundi," Bernadina alimnong'oneza mumewe.

"Suti imetoka kwangu, ni yangu. Usinishushe."

"Mimi nataka ushuke! Wenzako wanaomba kushuka, wewe unapanda kama unagombea udiwani!"

Jenifa akashika kalamu. Bernadina akaona hakuna namna.

"Dada, ng'ombe wa mtu akiwekwa zizini kwako umtunze, wewe unapata nini?"

"Maziwa," alijibu Jenifa, mtoto wa hukohuko.

"Basi andika maziwa. Hizo suti ni ng'ombe wa kuwekewa, kitambaa ni cha wateja. Kama wale saba wa kwetu, ambao ni wa jirani yetu Margwe."

Mzee Akonaay, aliyekuwa akiwasifia wale saba kila penye pombe kuwa mali ya mkwewe, alikohoa.

"Hata yule dume mwekundu?"

"Wa Margwe, baba."

Tluway alitazama viatu vyake kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Andika ufundi, dada," alisema hatimaye. "Elfu arobaini."

Daraja likashuka, cherehani ikapona.

"Anayefuata! Shikamoo mzee. Mauzo yako kwa mwaka?"

Mzee Akonaay, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiilisha Arusha nzima vitunguu saumu, aliitazama kalamu ya Jenifa, akageuka.

"Bernadina, mchukue mumeo, nisubirini nje. Na huo mlango ufungeni."